Fungu la Kila Mwaka kwa Perege wa Korogwe

Haya ni maneno niliyoyasema Tanga mbele ya madiwani, watendaji wa vijiji, wavuvi wa maji baridi na vikundi vya wafugaji wa samaki, nikiomba halmashauri zitenge fedha kila mwaka za kumwondoa sato, samaki wa kuletwa, kwenye malambo yetu ili perege wetu wa asili asipotee. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza salamu tu.

Waheshimiwa madiwani, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wa nyavu, nawashukuru kwa kunisikiliza. Sitaanza na makaratasi. Nitaanza na hili beseni.

Leo alfajiri nilipita kwa bibi mmoja anayeuza samaki wa mtoni, njia ya Muheza. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, leo unataka wa kukaanga au wa nazi?" Nikamwambia nataka wawili tu, sato mmoja na perege wetu mmoja. Sato alimchukua juu juu, hakuhitaji kutafuta. Perege wetu alimtafuta. Alifukua beseni zima, akageuza samaki mmoja mmoja akimtazama mkia, mwisho akampata huyu hapa, asiyezidi kiganja changu. Akanipa huku akisema, "Huyu zamani ndiye niliyekuwa nampanga mafungu. Siku hizi nikimpata simuuzi, namla mwenyewe."

Sogeeni mwaone. Mkia ndio unaowatenganisha. Sato ana mistari ya wima kwenye mkia, imepangana kama ukili wa mkeka kutoka shinani hadi ukingoni. Perege wetu hana mpangilio huo. Na yupo wa tatu ambaye sikumleta, chotara wao, mkia wake haueleweki, na huyo ndiye anayeninyima usingizi kuliko sato mwenyewe, kwa sababu samaki aliyeliwa anaweza kuzaliwa tena, lakini damu ikishachanganyika bwawa zima hakuna wavu wa kuitenganisha.

Huyu mdogo ana jina vitabuni. Anaitwa Oreochromis korogwe. Ndiyo, Korogwe yetu hii, ya mto Pangani na machungwa ya barabarani. Aliandikwa rasmi mwaka 1955 na mtaalamu wa Kiingereza, Rosemary Lowe, aliyezunguka mito yetu akihesabu miiba na magamba. Nyumbani kwake ni mito ya Pangani na Zigi, na ndugu zake wengine wako katika maziwa madogo machache kule Lindi. Juu zaidi kwenye mto huohuo Pangani yupo binamu yake, perege wa Ziwa Jipe, ambaye tayari yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Mkoa huu umetengewa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009. Silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu cha bahari, anajulikana ulimwengu mzima, na ni haki yake. Lakini silikanti hajawahi kuwekwa kwenye sahani ya mtoto wa Muheza. Huyu amewekwa, vizazi kwa vizazi, na hana hata kifungu kimoja kwenye bajeti ya halmashauri yoyote. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Nisieleweke vibaya kuhusu sato. Ni samaki mzuri. Anakua haraka, anakula karibu kila kitu, ana nyama, anasafiri vizuri kwenye barafu. Huko Ziwa Viktoria ameshakuwa wa nyumbani na familia nyingi zinaishi kwa ajili yake. Lakini hata huko hakuwa mwenyeji. Aliletwa miaka ya 1950, wakati huohuo alipoletwa sangara. Wazee wa Mwanza na Musoma watakwambia kuhusu ngege na mbiru, perege wa asili wa ziwa lile. Ngege ndiye aliyekuwa biashara ya ziwa. Leo ukimtaka itabidi umtafute kwenye vijiziwa vya pembeni, kule ambako wageni walichelewa kufika. Uvuvi wa kupindukia ulichangia, sikatai. Ila waliofika walikuta nyumba imeshadhoofika wakaichukua yote.

Kwetu sato hakuja mwenyewe kwa miguu. Tulimleta sisi. Nalijua lambo moja la kijiji, upande wa juu wa Zigi, nililoanza kuvua ndoana nikiwa mtoto na mjomba wangu. Tulikuwa tunarudi na perege kumi, kumi na watano, wadogo wadogo, tunawatoboa mashavu kwa ukindu tunawabeba begani. Baadaye ukaja mradi. Sitautaja, na waliokuja nao walikuwa watu wema. Walimwaga vifaranga wa sato kwenye lambo kwa ndoo, watoto wakapiga makofi, na mimi nilikuwa mmoja wa wakubwa waliosimama pale wakipiga makofi pamoja nao. Hakuna aliyeuliza lambo likifurika masika maji yanakwenda wapi. Yanakwenda kwenye kijito, na kijito kinakwenda Zigi. Mwaka wa pili tulivua samaki wakubwa tukafurahi. Miaka michache baadaye mjomba akaniambia, "Hawa wetu wameenda wapi?" Nikamjibu watarudi. Hawakurudi.

Kwa nini hawarudi? Mtazameni anavyozaa. Dume huchimba kisahani kwenye tope chini ya maji, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai yote mdomoni na kukaa nayo bila kula mpaka vitoto viweze kuogelea. Ukimvuta na wavu huyatema. Nimeshaokota mayai hayo kwenye nyuzi za wavu, ya manjano, kila moja kama punje ya mtama. Sasa sato naye huzaa hivyohivyo. Ni mkubwa zaidi, ana nguvu zaidi, anamfukuza mwenyeji kwenye visahani vyake, au anazaa naye. Na kwa kuwa mama anabeba watoto wake mdomoni, ukivua sato mia tisa ukaacha majike wachache, hao wachache wanatosha kurudisha ukoo. Shikeni hilo, maana hoja yangu yote ya fedha imesimama juu yake.

Wenzetu wa nje wameshapita njia hii. Katika jimbo la Minnesota, kule Marekani, adui yao ni samaki aitwaye karpi. Naye aliletwa kwa nia njema. Miaka ya 1870 na 1880 serikali yao yenyewe ilimchukua kutoka Ulaya ikamsambaza kwa treni, wananchi wakiandika barua kuomba wapewe. Karpi hula kwa kuchimbua tope. Anang'oa majani ya majini, anatibua maji, anaachia mbolea iliyokuwa imelala chini, na ziwa safi linageuka supu ya mwani. Watafiti wao waligundua kwamba karpi wakizidi kama kilo 100 kwa hekta moja ya ziwa, majani yanaisha na maji yanaharibika.

Wanawatoaje? Hapa wavuvi mnisikilize, maana ni ufundi. Wanamkamata karpi mmoja, wanampasua kidogo tumboni, wanamtia kifaa kinachotuma mawimbi ya redio, wanamshona, wanamrudisha majini. Majira ya baridi karpi hujikusanya kundi moja zito chini ya barafu. Yule mwenye kifaa huenda kujiunga na wenzake, na bila kujua anawaonyesha wavuvi walipo. Wavuvi wanatoboa barafu, wanapitisha wavu chini, wanazungushia kundi zima. Kwa mzunguko mmoja unaweza kuondoa sehemu kubwa ya karpi wa ziwa.

Lakini wakagundua kwamba kuvua peke yake hakutoshi. Karpi huenda kuzalia kwenye vidimbwi vya pembeni ambavyo samaki wengine hufa wakati wa baridi kwa kukosa hewa. Kwenye ziwa lenyewe wapo samaki wadogo wa asili wanaokula mayai ya karpi, wanafanya kazi hiyo bure usiku na mchana. Kwenye vidimbwi hawapo, kwa hiyo mayai yanapona. Basi ikabidi wafunge njia za kwenda vidimbwini kwa vizuizi, wawalinde wale wadogo wa asili, na warudi kupima na kuvua tena mwaka hadi mwaka.

Nani analipa? Hapo ndipo nilipotaka tufike. Tangu mwaka 1955 jimbo lile lina sheria inayoruhusu kuundwa mamlaka za mitaa ambazo mpaka wake haufuati kata wala wilaya, unafuata maji. Pale maji ya mvua yanapogawanyika ndipo mpaka unapopita. Mamlaka hiyo ina bodi yake na ina uwezo wa kutoza kodi kidogo kwa mali zilizo ndani ya bonde. Kila mwaka bodi inakaa, inafungua bajeti hadharani, mwenye nyumba anasimama kuuliza kwa nini alipie samaki, anajibiwa, na kura inapigwa. Mwaka unaofuata wanakaa tena. Hawazindui chochote, wala hakuna utepe wa kukata.

Na matunda huchelewa. Katika Ziwa Utah, jimbo jingine la hukohuko, uvuaji mkubwa wa karpi ulianza mwaka 2009 ili kumnusuru samaki ambaye kwa asili yake ni wa ziwa hilo tu, na ambaye aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini tangu mwaka 1986. Mwaka 2021 ndipo aliposhushwa daraja moja la hatari. Si kutoka kabisa, ni kushuka daraja. Hiyo ni miaka kumi na miwili tangu kazi ilipoanza.

Sasa turudi nyumbani. Sisi bajeti zetu tunazijua. Kuna fedha za maendeleo na kuna matumizi ya kawaida. Jambo likiwa la maendeleo linapata jiwe la msingi, linapata mgeni rasmi, linapata picha. Likiisha limeisha. Nakuombeni, na ninaomba kwa moyo wangu wote, kazi ya kuondoa sato kwenye malambo yetu msiiandike kama mradi wa maendeleo. Iandikeni kwenye matumizi ya kawaida, mahali pale pale palipoandikwa mshahara wa mfagiaji wa soko. Hakuna diwani anayesimama kusema soko tulilifagia mwaka jana, kwa hiyo mwaka huu tusiweke fedha.

Tanga hii imeshafundishwa somo hili na uvuvi wa baruti. Wazee wa Mwambani, Kigombe na Moa mnalikumbuka. Zilipokuwepo doria, boti zina mafuta na askari wana posho, milipuko ilipungua mpaka tukadhani yameisha. Wafadhili walipoondoka mafuta yakakatika, na baada ya muda ukikaa ufukweni asubuhi ulikuwa unasikia tena kishindo kinapita chini ya maji. Matumbawe yaliyokuwa yameanza kuchipua yakavunjwa upya.

Kunguru nao ni hivyohivyo. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si wetu, aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ili asafishe taka. Unguja miaka ya 1990 walimpiga vita wakampunguza sana, fedha zikaisha, akarudi. Dar es Salaam nao wakaanza mwaka 2010, kwa mitego na kwa sumu, waliwaua wengi mno, kazi ikasimama, na leo wako kwenye kila mwarobaini. Tunajua kuua. Kudumu ndiko kunakotushinda, na kudumu ni suala la kitabu cha bajeti.

Nimeulizwa na mheshimiwa mmoja tukiwa mlangoni, "Fedha zenyewe ziko wapi?" Swali la haki. Namjibu hivi. Mwaka 2024 hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wananchi na taasisi, ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, shilingi bilioni 53.12, iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa ajili ya miundombinu ya maji. Mkoa uliofanya hivyo hauwezi kuniambia kwamba haujui namna ya kutafuta fedha kwa ajili ya maji. Ninachokiomba mimi hakifiki hata kwenye vumbi la fedha ile. Lambo moja linahitaji vibarua sita kwa siku chache kwa mwaka, wavu mmoja unaodumu misimu kadhaa ukitunzwa, mapipa ya kuwahifadhi perege wetu wakiwa hai, mafuta ya pikipiki ya afisa uvuvi, na mtunza kumbukumbu anayejua kutofautisha mikia. Mtunza kumbukumbu huyo mnaye hapa hapa mkoani. Bibi wa njia ya Muheza angeifanya kazi hiyo akiwa amefumba jicho moja.

Tena kuna fedha mnayoitoa tayari, na inakwenda upande mwingine. Asilimia 10 ya mapato ya ndani mnakopesha vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo kubwa na sitaki senti moja ipungue. Lakini baadhi ya vikundi vinafuga samaki, na kinachonunuliwa ni vifaranga wa sato, na mabwawa yanachimbwa bondeni kabisa, pale ambapo masika yanapita kila mwaka. Kwa mkono wa kulia tunalipa sato aingie Zigi. Tukitaka kumtoa kwa mkono wa kushoto, tutalipa mara mbili. Fomu ya mkopo iongezwe mstari mmoja tu: bwawa liko juu ya alama ya mafuriko, na mlango wa kutolea maji una wavu. Asiye na hivyo asinyimwe mkopo, asaidiwe kwanza kuchimba mahali pengine.

Na wafugaji mkiniuliza mfuge nini, nakujibuni fugeni wa kwenu, na mwombeni serikali iwatafutie mbegu bora ya wa kwenu. Msidharau hawa wadogo. Perege wa pwani, huyu wa Wami na Unguja, alipelekwa Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, na mwaka 1960 mtaalamu Hickling akaandika kwamba dume wake akipandishwa na jike wa perege wa Msumbiji, watoto wanazaliwa madume watupu. Kwa mfugaji hiyo ni dhahabu, maana bwawa halijai vitoto na samaki wanakua. Ugunduzi ule umetoka kwenye samaki ambaye hapa tulikuwa tunamwita chakula cha paka. Wa Korogwe ana nini ndani yake? Hatutapata nafasi ya kumuuliza akishakuwa chotara.

Yapo mambo mawili ninayoyaogopa, na nitayasema mbele yenu kabla hayajatupata.

La kwanza ni kokoro. Kumtoa sato lamboni sawasawa unahitaji kokoro, yaani wavu wa kukokota, kwa sababu nyavu za makila, zile za kutegea, zinaua kila anayenasa, mgeni na mwenyeji, wakati wa kukokota unakuruhusu kuchagua ukiwa umesimama majini. Na kokoro limepigwa marufuku, na marufuku hiyo ni ya haki, nimeona lilivyofanya. Kwa hiyo kazi hii isifanywe kienyeji. Iombewe kibali maalumu, afisa uvuvi awepo tangu wavu unashuka hadi unakunjwa, na jioni wavu urudi stoo ya halmashauri, usilale nyumbani kwa mtu.

La pili ni malipo. Msilipe kwa kichwa cha samaki. Ukimlipa kijana kwa kila sato, umempa sababu ya kutaka sato wasiishe, na kuna siku atabeba ndoo usiku kuwapeleka lambo la jirani. Mlipeni kwa siku. Samaki wakivuliwa waende shule ya msingi iliyo karibu, wapikwe, watoto wale. Nyama ya sato haina kosa lolote.

Tuanzie wapi? Si mto. Mto umeshatushinda kwa sasa na anayewaahidi kuwatoa sato wote Zigi anawadanganya. Tuanzie malambo yaliyojitenga, yale ambayo kiangazi maji yanashuka, na yale yaliyo juu ambayo bado yana perege safi tuyawekee ulinzi wa kwanza. Mkae pamoja, Muheza, Mkinga, Korogwe na Jiji, kwa sababu maji hayana mtendaji wa kata. Meza ya kukalia ipo: Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeruhusu jumuiya za watumia maji ngazi ya chini kabisa. Kila halmashauri iweke fungu lake dogo, jumuiya isimamie, hesabu isomwe kijijini, pale pale penye lambo.

Vikao vya bajeti viko karibu. Mkipitisha, fedha zinaanza Julai. Lambo la mjomba wangu linashuka Februari, kabla ya masika, maji yanakuwa ya kiunoni na ukisimama katikati unaona visahani vya perege chini, vya mviringo, kimoja hapa kimoja pale. Mjomba hayupo tena. Mimi nitakuwepo alfajiri na mapipa mawili yangu mwenyewe, na yule bibi ameniambia atakuja, sharti tumtumie pikipiki.